Karatasi ya Maabara Haina Moyo

Yapo maneno mawili ambayo yakisemwa mbele ya mwanamke mgonjwa hunikera, na kwa umri niliofikia sioni tena sababu ya kuyanyamazia. La kwanza ni lile swali, "Vipi, mtoto bado?" La pili ni ule ushauri wa dukani, "Chukua vidonge hivi vya kukata mafuta, karatasi yako itakuwa safi." Swali la kwanza humgeuza mwanamke kuwa kizazi kinachotembea. Ushauri wa pili humgeuza kuwa karatasi ya maabara. Katika yote mawili, mwenye moyo unaodunda kifuani hatazamwi.

Nauzungumzia ugonjwa ambao madaktari huuandika kwa herufi nne, PCOS, yaani ugonjwa wa vifuko vingi kwenye ovari. Hoja yangu naiweka mezani mapema, ili msomaji asinitafute huku na huko. Mwanamke mwenye ugonjwa huu anastahili kupimwa na kufuatiliwa maisha yake yote kwa ajili ya moyo wake na sukari yake, awe amezaa au hakuzaa. Dawa za kushusha lehemu apewe pale hatari ya moyo wake inapozidai. Asipewe kwa sababu ya jina la ugonjwa tu, wala kwa ajili ya kuipamba karatasi.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliueleza mwaka 1935 kwa kuandika habari za wanawake saba. Hedhi hupishana au hupotea kwa miezi, vinyweleo huota kidevuni, chunusi hazikomi, mimba huchelewa. Jina lake linapotosha, maana vile vifuko vinavyoonekana kwenye ultrasaundi si uvimbe. Ni vijumba vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama njiani. Tena, kwa wagonjwa wengi, shina la mambo haliko kwenye ovari peke yake. Mwili hauitii insulini sawasawa, basi kongosho hulazimika kuitoa kwa wingi, na insulini hiyo nyingi huichochea ovari itengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Insulini ile ile iliyovuruga hedhi ndiyo inayofungua mlango wa kisukari. Trigliseridi hupanda, lehemu njema hushuka, presha nayo hunyemelea. Kwa hiyo anayeutazama ugonjwa huu kama shida ya uzazi tu ni sawa na mtu aonaye moshi juu ya paa akaanza kupangusa masizi, huku moto uko jikoni.

Wako wanaonijibu kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu, na kwamba wanawake wetu wa bondeni, wanaolima mpunga na kubeba kuni, hawana shida ya moyo. Jibu hili ni la uvivu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke kama mmoja katika kila kumi wa umri wa kuzaa ana ugonjwa huu, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nao hawajaambiwa. Mwaka 2009 wataalamu wetu wawili, Andrea Pembe na Muzdalifat Abeid, walichapisha uchunguzi wao juu ya wanawake waliokuwa wakitafuta matibabu ya ugumba katika hospitali kubwa hapa nchini, na karibu theluthi yao walikutwa nao. Ama kuhusu moyo, upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 26 wana presha ya kupanda, asilimia 26 wana lehemu nyingi, na asilimia 9 wana kisukari. Hao si Wazungu. Ni Watanzania waliotoa mikono yao ikachomwa sindano.

Na bonde letu nalo halijabaki kama lilivyokuwa. Ifakara ilisifika kwa baiskeli. Mtu alikwenda sokoni, shambani, kanisani na msikitini kwa kukanyaga pedeli. Leo pikipiki iko mlangoni kabla hujamaliza kufunga kiatu. Wali tunaula kama kawaida, sukari inatoka hapo hapo Kidatu, na mafuta ya kukaangia yamekuwa rahisi kuyapata kuliko zamani. Chakula cha mkulima tumebaki nacho, jasho la mkulima tumeliacha barabarani.

Sasa nirudi kwenye lile swali la mtoto. Mwalimu mmoja niliyemfundisha chuoni, ambaye hufundisha shule ya msingi ng'ambo ya Mto Kilombero, alinijia na bahasha ya vipimo vyake. "Shikamoo, Mkuu," alisema, "naomba unisomee, maana mimi nimesoma nimechoka." Katika miaka sita alikuwa amepita vituo kadhaa, ambavyo sitavitaja. Alipigwa ultrasaundi mara nne. Aliulizwa habari za mume, za ndoa, za mimba zilizoharibika. Mama mkwe naye alikuwa na maswali yake. Lakini katika karatasi zote zile sikuona hata mahali pamoja palipoandikwa presha yake, wala sukari yake, wala upana wa kiuno chake. Siku alipoomba mwenyewe apimwe damu, lehemu ilitoka juu ya mstari. Akaenda duka la dawa, akauziwa vidonge vya kundi la statini, bila kuulizwa kama anatafuta mimba.

Naye alikuwa anatafuta mimba. Alikuwa anameza dawa ambayo miongozo ya Uingereza humtaka mwanamke aiache miezi mitatu kabla ya kujaribu kushika mimba. Ni kweli kwamba mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa lile katazo lake kali kabisa kuhusu statini katika ujauzito, kwa kuwa wako wanawake wachache ambao hatari ya moyo wao ni kubwa mno. Hata hivyo mamlaka hiyo hiyo iliendelea kushauri kwamba wengi waiache mara wanapojua ni wajawazito. Jambo kama hili linataka mazungumzo baina ya mgonjwa na daktari. Haliamuliwi juu ya kaunta huku chenji ikihesabiwa.

Msomaji asidhani naichukia dawa yenyewe. La hasha. Statini ni miongoni mwa kazi njema za akili ya binadamu. Mjapani Akira Endo, mtoto wa mkulima, alizichunguza kuvu kwa maelfu, na mwaka 1973 akapata kutoka kwenye kuvu kitu kinachoizuia ini kutengeneza lehemu. Mwaka 1994 nchi za Skandinavia zilitoa matokeo ya jaribio la watu 4,444 wenye ugonjwa wa moyo. Waliopewa simvastatini walikufa pungufu kwa asilimia 30 kuliko waliopewa vidonge vitupu. Hiyo ni hesabu ya makaburi ambayo hayakuchimbwa. Mwenye kuibeza hajui asemalo.

Lakini mwalimu mzuri huuliza ni nani waliofanya mtihani. Katika watu wale 4,444, wanawake walikuwa 827, na wanawake ambao bado wangeweza kushika mimba walikataliwa mlangoni kwa kanuni za jaribio lenyewe. Sababu ya kuwakataa ilikuwa ya busara, kuwakinga watoto tumboni. Matokeo yake ni kwamba yule anayemwambia binti wa miaka 27 mwenye PCOS kwamba vidonge hivi "vimethibitishwa" vitalinda moyo wake, anamsomea matokeo ya mtihani ambao wenzake wa rika hilo hawakuruhusiwa kuufanya.

Je, wenye PCOS wenyewe wamewahi kupewa dawa hizi kwa uchunguzi? Ndiyo, na fikra iliyoongoza ilikuwa nzuri. Lehemu ni malighafi ya homoni za uzazi, kwa hiyo ukiifunga njia ya lehemu huenda ukapunguza na homoni za kiume. Huko Poznań nchini Poland, mwaka 2006, wanawake 48 walijaribiwa, na waliopewa simvastatini pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango walishuka homoni za kiume zaidi ya waliopewa vidonge vya uzazi wa mpango peke yake. Huko Hull, Uingereza, mwaka 2009, wanawake 40 walipewa atorvastatini au kidonge kitupu kwa wiki 12, na waliopata dawa walionekana kuitii insulini vizuri zaidi. Wengi walishangilia. Kisha mwaka 2013 watu wa Finland, kwa dawa ile ile ya atorvastatini na kwa muda wa miezi sita, wakaona kinyume: lehemu ilishuka, lakini insulini ilipanda na utiifu wa mwili kwake ukaharibika.

Wapitiaji wa Cochrane, kundi la kimataifa linalokusanya majaribio na kuyapima kwa mizani moja, walikuwa wamekwisha kuyatazama ya awali mwaka 2011. Walipata majaribio manne yenye wanawake 244 tu. Lehemu ilishuka, testosteroni ilishuka. Hedhi haikuonekana kurudi kwenye mstari kwa sababu ya dawa, yai halikuonekana kutoka, vinyweleo na chunusi havikuonekana kupungua. Na hakuna hata jaribio moja kati ya hayo lililodumu muda wa kutosha kuhesabu nani alipata shambulio la moyo, nani alipata kiharusi, nani alisalimika. Miongozo ya madaktari wa homoni wa Marekani ya mwaka 2013 ikasema waziwazi kwamba mwanamke mwenye PCOS apewe statini ikiwa tu ana sababu zile zile ambazo mtu mwingine yeyote angepewa.

Nimefundisha walimu maisha yangu yote ya kazi, na ninaujua ugonjwa huu wa kuabudu namba. Shule inaweza kupandisha alama za watoto kwa kuwakaririsha majibu ya miaka iliyopita. Ubao wa matangazo utapendeza, mkaguzi atatabasamu, mzazi atapiga makofi. Mpe mtoto yule yule barua ya kuandika kwa baba yake, utaona kama amefundishwa au amepambwa. Alama ni ishara ya maarifa pale tu maarifa yamo nyuma yake. Vivyo hivyo lehemu ni ishara ya hatari, na kuishusha ni kazi njema pale ambapo imethibitika kwamba kuishusha kwa mtu wa namna hiyo kunamwokoa.

Na sisi wa Kilombero hatuna udhuru wa kutolijua hili, kwa maana ni katika bonde hili dunia ilijifunza somo hilo hilo. Mwaka 1993, kijijini Idete, watoto 586 wa mwaka mmoja hadi mitano waliingizwa kwenye jaribio la chanjo ya malaria ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Matokeo yalitoka mwaka uliofuata, na yalionesha kinga ya asilimia 31. Matumaini yakapaa. Watafiti wa Ifakara hawakulewa sifa. Waliijaribu tena kwa watoto wachanga, na mwaka 1999 wakatangaza bila kuficha kwamba chanjo ilizalisha kingamwili katika damu, lakini kinga dhidi ya homa za malaria ilikuwa asilimia 2, yaani si kitu. Damu ilikuwa na alama nzuri, mtoto aliendelea kuugua.

Linganisha na vyandarua. Kuanzia mwaka 1997, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, viliuzwa vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu. Hapo hawakupima damu peke yake. Walihesabu watoto waliokufa na waliobaki hai, na mwaka 2001 wakachapisha kwamba kulala ndani ya chandarua chenye dawa kuliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Hesabu za namna ile zilisaidia vyandarua kusambaa Afrika. Bonde lililoifundisha dunia kuhesabu watu halipaswi kukubali wanawake wake watibiwe kwa kuhesabu karatasi.

Ipo hatari nyingine ambayo muuza dawa haitaji. Mwaka 2010 yalikusanywa majaribio 13 ya statini yenye watu zaidi ya 91,000, ikaonekana kwamba wanaozimeza hupata kisukari kwa asilimia 9 zaidi. Kwa lugha ya kawaida, ukiwatibu watu 255 kwa miaka minne, mmoja wa ziada atapata kisukari. Kwa mzee aliyekwisha kupata shambulio la moyo, hiyo ni bei ndogo sana, na mimi mwenyewe ningeilipa bila kusita. Kwa msichana ambaye mwili wake tayari hauitii insulini, na ambaye faida ya moyo wake haijahesabiwa na mtu, bei ile ile ina uzito mwingine.

Hapo naona wengine wakitaka kunikumbatia kwa pupa, wakisema, "Naam, Mwalimu, dawa za hospitali ni sumu, bora mizizi." Hao siwataki upande wangu. Mizizi ya kukata mafuta haina hata jaribio la watu kumi nyuma yake, na muuzaji wake hajui ini la mtu linafanya nini. Tena nasisitiza: wako wanawake wenye PCOS wanaostahili statini na wananyimwa. Mwenye kisukari aliyevuka miaka 40, aliyekwisha kupata kiharusi au shambulio la moyo, aliyerithi lehemu ya kupindukia katika ukoo, hawa wasiachwe eti kwa kuwa ni wanawake. Majaribio yaliyojumlishwa mwaka 2015 yalionesha kwamba, hatari ya moyo ikilingana, statini humfaa mwanamke kama zinavyomfaa mwanamume. Kumpa asiyehitaji na kumnyima anayehitaji ni kosa moja lenye sura mbili, na mama yake ni uvivu wa kumpima mtu.

Basi tufanye nini? Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2023 juu ya PCOS haikutoa agizo la ajabu. Inasema mwanamke yeyote mwenye ugonjwa huu ahesabiwe kuwa na hatari ya moyo iliyoongezeka. Apimwe presha kila mwaka. Apimwe sukari siku anapogunduliwa, na tena kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Apimwe mafuta ya damu mwanzoni, kisha kwa kadiri ya hatari yake. Aulizwe kama anavuta sigara, ashauriwe chakula na mazoezi pasipo kudhalilishwa kwa ajili ya unene wake. Ukiondoa kipimo cha mafuta ya damu, vifaa vyake ni utepe wa fundi cherehani, mashine ya presha na kijiti cha sukari. Zahanati isiyo na vitu hivyo vitatu ina matatizo makubwa kuliko PCOS.

Wala tusiambiwe kwamba kumfuatilia mgonjwa maisha yake yote hakuwezekani kijijini. Mwaka 2004, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara, ilianzishwa kliniki ya magonjwa sugu kwa ajili ya wenye virusi vya UKIMWI. Wakati ule nao wapo waliosema mkulima hataweza kumeza dawa kila siku na kukumbuka tarehe. Maelfu wameweza. Wana faili, wana tarehe ya kurudi, na asiyeonekana hutafutwa. Tangu mwaka 2018 daraja la Mto Kilombero liko wazi, na mama wa Mahenge au Malinyi hangoji tena kivuko ili afike. Njia ipo na mfano upo. Kinachokosekana ni kumhesabu mwanamke huyu kuwa mgonjwa hata siku ambayo hazungumzii mimba.

Mwanamke akizaa, faili lake hufungwa kwa furaha. Asipozaa mpaka umri ukapita, hufungwa kwa huruma. Katika hali zote mbili hufungwa miaka ile ile ambayo presha na kisukari huanza kazi yao. Nadai lisifungwe. Nawadai waganga na wauguzi wamuulize moyo wake kabla ya kumuuliza mtoto. Nawadai wauza dawa wasitoe statini pasipo cheti cha daktari, na daktari asiandike cheti pasipo kuuliza habari ya mimba na kumweleza mgonjwa faida iliyothibitishwa na isiyothibitishwa. Nawadai akina mama wakwe, dada zangu wa rika langu, wapunguze maswali. Nao wanawake wenyewe nawaambia hivi: ukiingia kliniki usitoke mpaka presha yako na sukari yako zimeandikwa kwenye daftari lako, kwa namba zinazosomeka, na tarehe ya kuzirudia imewekwa chini yake.